Somo la 9: Mgonjwa Aliye Kifungoni

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Yeremia 37:11–21, 38:1–13, 39:15–18, Mathayo 14:3–12, 25:31–46, Marko 15:23, Luka 23:39–43, Matendo 16:22–34, 2 Timotheo 1:15–18, 4:6–21.

Fungu la kukariri: Waebrania 13:3. Kila mshiriki alikariri kutoka katika Biblia anayoitumia nyumbani.

Bagamoyo ni mji unaoijua minyororo. Katika karne ya 19 misafara ilitoka bara na kuishia hapa ufukweni, ikiwa na pembe za ndovu pamoja na watu waliofungwa. Mtumwa aliyeugua njiani alihesabiwa kuwa hasara. Aliachwa porini, na msafara ukaendelea. Biashara ile ilikwisha zamani, lakini swali iliyoacha lipo bado: mtu aliyefungwa akiugua hata asiweze tena kufaa kitu, ana thamani gani, na mbele ya nani?

Makanisa yetu ya ukanda huu, kuanzia Tegeta na Bunju, Mapinga na Kerege, hadi Bagamoyo mjini, yanao utaratibu wa kuwatembelea wagonjwa hospitalini. Mengi yanao pia utaratibu wa kwenda gerezani. Juma hili tunamtazama mtu anayepotea katikati ya taratibu hizo mbili. Huyu ni mfungwa mwenye saratani iliyosambaa, au kifua kikuu kilichokwisha kumla mapafu, au UKIMWI uliofika mwisho wake. Wanaokwenda hospitalini hawamkuti kwa sababu yuko gerezani. Wanaokwenda gerezani nao hawamkuti, kwa kuwa hawezi kuinuka.

Wazo kuu la juma: mahakama ilimhukumu mtu huyu kupoteza uhuru wake kwa muda fulani. Haikumhukumu kuumwa bila dawa, wala kufa peke yake. Kila maumivu yanayoweza kuondolewa na hayaondolewi ni adhabu ya ziada ambayo hakuna hakimu aliyeitamka.

JUMAPILI
Makundi Mawili, Mtu Mmoja

Soma Mathayo 25:31–46. Orodhesha aina za wahitaji anaowataja Yesu. Je, Yesu anaeleza kwa nini mgonjwa aliugua, au kwa nini mfungwa alifungwa?

Yesu anamtaja mgonjwa, kisha anamtaja mfungwa. Sisi tumezoea kuwagawa: Dorkasi wamchukue mgonjwa, Huduma ya Magereza imchukue mfungwa. Lakini katika maisha halisi wahitaji wa orodha ile mara nyingi ni mtu mmoja. Mfungwa anayekaribia kufa ana njaa kwa kuwa chakula cha kawaida hakipiti tena kooni. Ana kiu ya homa. Nguo zake zimechafuka na hana wa kumfulia. Ni mgeni, kwa maana huenda kwao ni Kigoma au Newala na hakuna ndugu aliye karibu. Orodha yote ya Yesu imelala juu ya mkeka mmoja.

Tufikirie jinsi ziara zetu zinavyokwenda. Tunapeleka sabuni, mafuta ya kupaka, dawa za meno, ndala na sukari. Kwaya inasimama uwanjani, wafungwa wanaketi chini kwa safu, mchungaji anahubiri, tunaomba, tunaondoka. Ni kazi njema na tusiiache. Lakini angalia nani amekuja uwanjani: ni wale wenye nguvu ya kutembea. Yule ambaye Yesu anamtaja mara mbili, kwa ugonjwa na kwa kifungo, anaisikia kwaya kwa mbali akiwa ndani.

Dawa ya jambo hili ni sentensi moja ya heshima kwa msimamizi: “Afande, tunaomba kujua kama yuko mgonjwa asiyeweza kufika hapa. Kama taratibu zinaruhusu, wawili wetu tungependa kumwona.” Huenda jibu likawa hapana, kwa sababu za usalama au za uambukizo. Hata hivyo tutakuwa tumeuliza, na mgonjwa ataambiwa kwamba kuna watu waliomuulizia.

Wako watakaosema: “Mbona alipokuwa anakaba watu hakuwaza ugonjwa?” Swali hilo lina uchungu wa kweli ndani yake, nasi tutalirudia Alhamisi. Kwa leo tuone tu kwamba Mfalme wa Mathayo 25 hakuweka sharti la wasio na hatia peke yao. Aliyefungwa kwa kuonewa na aliyefungwa kwa haki wanafika wote chini ya neno lile lile.

Tafakari: Mara ya mwisho kanisa lako lilipotembelea gereza, nani aliulizia habari za wagonjwa?

JUMATATU
Aliyekwenda Kuomba

Soma Yeremia 38:1–13. Ebedmeleki alikuwa nani? Alimwendea nani, wapi, na kwa hoja gani?

Yeremia alikuwa ameshushwa kwa kamba ndani ya shimo lisilo na maji, lenye matope, naye akazama ndani yake. Hakuna aliyetoa amri kwamba auawe kwa upanga. Ilitosha kumwacha pale. Gereza linaweza kuua kwa namna hiyo, bila mkono wa mtu yeyote, kwa kuacha tu.

Aliyesimama alikuwa Mkushi, mgeni katika mji ule, mtumishi wa nyumba ya mfalme. Alimwendea Sedekia hadharani, langoni, akasema jambo moja lililo wazi: mtu huyu atafia mle. Hakubishana juu ya unabii wa Yeremia, wala hakudai aachiliwe. Angalia mstari wa 13: baada ya kutolewa shimoni, Yeremia alibaki katika uwanja wa walinzi. Alikuwa mfungwa bado. Ebedmeleki hakuleta uhuru. Alizuia mfungwa asife kwa kutelekezwa. Kwa kazi hiyo Mungu alimkumbuka kwa jina (Yeremia 39:15–18).

Nasi tunao mlango wa kuendea. Mwaka 2015, Desemba 17, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za kuwatunza wafungwa zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela. Kanuni ya 24 inaweka matibabu ya wafungwa kuwa wajibu wa dola, na inataka yawe ya kiwango kile kile wanachopata watu walio nje. Jina hilo halikutolewa bure. Mwaka 1988 Mandela, akiwa bado mfungwa, aliugua kifua kikuu. Alipelekwa hospitali, akatibiwa, akapona, na miaka sita baadaye alikuwa rais wa Afrika Kusini. Kama angeachwa katika shimo lake, historia ya nchi nzima ingekuwa nyingine.

Hapa Tanzania, ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe. Katika misamaha kadhaa iliyotangazwa kwenye sikukuu za kitaifa, waliotajwa ni pamoja na wafungwa wenye UKIMWI, kifua kikuu au saratani iliyofika hatua ya mwisho, wakithibitishwa na jopo la waganga chini ya Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya. Zingatia maneno hayo: wakithibitishwa na waganga. Mgonjwa ambaye hajapimwa hana cheti, na asiye na cheti hana jina kwenye orodha. Ndiyo maana kumsaidia mfungwa afike kwa daktari mapema si jambo dogo. Makosa mengine hutengwa na msamaha, na mahabusu ambaye kesi yake haijaisha hahusiki nao kwa kuwa hajahukumiwa. Njia yake ni mahakamani, kwa wakili au ndugu anayeweza kueleza hali yake mbele ya hakimu.

Bagamoyo imewahi kuwa na mtu wa namna ya Ebedmeleki, asiye wa imani yetu. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismaili aliyezaliwa mwaka 1851, alipata utajiri wake katika biashara ya misafara. Hospitali ya Wajerumani pale Ocean Road ilipofunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, fedha za Sewa Haji ndizo zilizojenga hospitali nyingine Dar es Salaam ya kuwatibu waliobaki nje. Hospitali hiyo ndiyo asili ya Muhimbili, na jina lake limebaki katika jengo la wodi la Sewahaji. Mungu hakosi watu wa kusimama langoni. Huzuni ni pale watu wake mwenyewe wanapokaa kimya.

Tafakari: Kwa nini ni rahisi kwetu kupeleka sabuni kuliko kupeleka ombi kwa mwenye mamlaka?

JUMANNE
Matambara Chini ya Kwapa

Soma tena Yeremia 38:11–12, kisha Marko 15:23. Matambara yale yalikuwa ya kazi gani? Kinywaji alichopewa Yesu kilikuwa na kusudi gani?

Kamba peke yake ingetosha kumtoa Yeremia. Watu 30 walikuwa tayari kuvuta. Lakini Ebedmeleki alipita kwanza ghalani, akachukua nguo kuukuu na matambara, akayashusha shimoni na kumwelekeza mfungwa ayaweke chini ya makwapa ili kamba zisimchune. Kwa nini Roho Mtakatifu alihifadhi jambo dogo hivyo? Kwa sababu Mungu anajali maumivu yenyewe, hata pale ambapo kazi kubwa ya kuokoa imekwisha kupangwa.

Kuna huduma ya afya iliyo kama matambara yale. Madaktari wetu huiita tiba shufaa. Haiponyi ugonjwa. Inamwondolea mgonjwa maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na hofu, ili siku zake zilizobaki ziwe siku za mtu. Katika ukanda wetu, kituo kikubwa cha wagonjwa wa saratani ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, yapata kilomita 70 kutoka Bagamoyo. Hospitali ile iliyojengwa kwa ajili ya Wazungu leo inawapokea wagonjwa wa saratani kutoka nchi nzima.

Dawa kuu ya maumivu makali ya saratani ni mofini ya maji, ya kunywa. Majirani zetu wa Uganda, kupitia hospisi iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, walionyesha kwamba dawa hii yaweza kumfikia maskini nyumbani kwake kwa gharama ndogo. Hunywewa kila baada ya saa nne. Tafakari maana ya saa nne kwa mtu anayefungiwa jioni hadi asubuhi. Isipokuwa daktari na uongozi wa gereza wamekubaliana jinsi dozi ya usiku itakavyotolewa, mgonjwa huyo atakuwa na nafuu mchana na mateso usiku. Hilo ni swali ambalo muuguzi Mwadventista, au ndugu wa mgonjwa, anaweza kuliuliza. Lakini mofini hudhibitiwa na sheria. Mgeni yeyote asiingie nayo gerezani mfukoni, hata kwa nia njema.

Wapo washiriki wanaoogopa dawa hii kwa kuwa Yesu alikataa mvinyo uliochanganywa na manemane. Je, hakutuwekea kielelezo? Tusome kwa uangalifu. Yesu alikuwa akibeba dhambi za ulimwengu, naye alichagua kuibeba kazi hiyo akili zake zikiwa wazi kabisa. Hakuna mfungwa anayelipia dhambi kwa maumivu yake ya mifupa. Kazi hiyo imekwisha kufanywa, mara moja. Kumnyima mgonjwa dawa kana kwamba mateso yake yana faida ya wokovu ni kuongeza kitu kwenye msalaba ambao haukupungukiwa na kitu. Mofini inayotolewa na daktari kwa kipimo sahihi si ulevi, wala si kumharakisha mtu kufa. Ni tambara chini ya kwapa.

Tafakari: Je, umewahi kumwambia mgonjwa “vumilia tu” wakati ambapo dawa ilikuwapo? Neno hilo lilimsaidia nani?

JUMATANO
Luka Peke Yake

Soma 2 Timotheo 1:15–18 na 4:6–21. Paulo alijua nini juu ya mwisho wake? Nani walikuwa karibu naye, na aliomba aletewe nini?

Waraka huu umeandikwa na mfungwa anayejua kwamba hatatoka. Demasi amekwenda zake. Wengine wametumwa mbali. Aliyebaki ni Luka, yule ambaye Wakolosai 4:14 inamwita tabibu. Tusiupite upesi mstari huo. Mtume mkuu wa mataifa, katika miezi yake ya mwisho, alikuwa na daktari kando yake. Luka hakuweza kuizuia hukumu. Alibaki.

Na Paulo anaomba nini? Joho lake alilomwachia Karpo huko Troa, vitabu, na Timotheo aje kabla ya kipupwe. Ni mwili unaohisi baridi, akili inayotaka kusoma na moyo unaotaka kumwona mwanawe wa imani. Haya ndiyo mahitaji ya kila mgonjwa wa gerezani: blanketi, maandiko, sura anayoijua. Onesiforo alimtafuta Rumi kwa bidii mpaka akampata, wala hakuuonea haya mnyororo wake. Kumpata mfungwa si kazi rahisi. Huhamishwa kutoka gereza hadi gereza, na ndugu huko kijijini hawajui alipo. Kanuni ya 69 ya zile Kanuni za Mandela inataka uongozi wa gereza uwajulishe ndugu mara mfungwa anapougua sana, anapopelekwa hospitali au anapofariki. Kanisa lenye matawi kutoka Mara hadi Mtwara laweza kusaidia sana hapa. Simu moja ya mchungaji wa mtaa kwenda kwa mchungaji wa mtaa mwingine yaweza kumfikisha mama kitandani kwa mwanawe kabla ya siku ile.

Soma sasa Matendo 16:22–34. Nani aliyeyaosha majeraha ya Paulo na Sila? Ni mlinzi wa gereza, mtu yule yule aliyeifunga miguu yao kwenye mkatale. Miongoni mwa wasomaji wa somo hili wamo askari magereza, na waganga na wauguzi wa zahanati za magereza. Ndugu, huenda unafanya kazi mahali ambapo dawa hazitoshi, na gari la kumpeleka mgonjwa rufaa linasubiri mafuta na askari wa kusindikiza. Mungu anaona. Mlinzi wa Filipi hakuwa na hospitali. Alikuwa na maji na saa moja ya usiku, naye alivitumia.

Jambo moja zaidi, nasi wa pwani tulielewe vema. Mgonjwa tutakayemkuta yaelekea ni Mwislamu. Akitaka tumwombee, tumwombee kwa furaha. Akitaka shehe, twende kwa msimamizi tukamwombee aletewe shehe. Uji, dawa na blanketi visiwe chambo cha kumvulia mtu. Anayekufa hana nguvu ya kukataa, na kwa sababu hiyo hatupaswi kumsukuma. Kama neno la Kristo litamgusa, litamgusa kwa sababu ameona Wakristo wanaompenda bila kumdai.

Tafakari: Luka hakuponya na hakuokoa, alikuwapo tu. Kwa nini Paulo aliona inafaa kuandika jambo hilo?

ALHAMISI
Anayekufa kwa Haki

Soma Luka 23:39–43. Mhalifu yule alisema nini juu ya adhabu yake mwenyewe? Aliomba nini, na hakuomba nini?

Sasa tulirudie swali la Jumapili. Katika kanisa lako huenda ameketi mama ambaye mwanawe aliuawa, na aliyemuua sasa anakufa kwa saratani gerezani. Dada mwingine anaumia kila anaposikia tangazo la ziara ya magereza. Watu hawa hawakosei kuumia. Tusiwaambie kwamba yaliyopita yamepita.

Mhalifu wa msalabani anatusaidia kuona njia. Alikiri kwamba adhabu yake ni ya haki. Yesu hakumkanusha na hakumshusha msalabani. Hukumu ilibaki, na rehema ikaja ikiwa ndani ya hukumu ile ile. Kumtibu mfungwa hakufuti kosa lake. Ni kusema tu kwamba kosa lilikwisha kupimwa na mahakama, na kwamba sisi hatuna ruhusa ya kuliongezea uzito kwa kumnyima maji.

Kwa hiyo mama yule asilazimishwe kwenda gerezani, wala asihubiriwe juu ya msamaha na watu ambao hawajazika mtoto. Lakini atembelewe. Mashemasi wanaopanga safari ya kwenda kwa mfungwa wapange na safari ya kwenda kwake, juma lile lile, na kikapu kisicho kidogo kuliko kile kingine. Kanisa linalokwenda gerezani bila kupita mlangoni pa aliyeumizwa limekwenda nusu ya njia.

Na kama mgonjwa ameachiliwa kwa msamaha, je? Yuko wapi wa kumpokea? Mwaka 1899 Waingereza walimkamata Kabalega, mfalme wa Bunyoro, wakampeleka uhamishoni Shelisheli. Aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923 alikuwa mzee, na akafia Jinja, akiwa njiani, kabla hajaiona Bunyoro. Msamaha unaochelewa humkuta mtu hana tena nguvu ya kufika kwao. Wafungwa wetu si wafalme, lakini njia yao hufanana na ile. Hutoka na karatasi mkononi, bila nauli, wakiwa na ugonjwa ambao familia inauogopa na sifa ambayo kijiji hakijaisahau. Wazee wa kanisa wanapaswa kufika kwa familia kabla ya mgonjwa, si baada yake: kuzungumza na baba, kuonana na mwenyekiti wa kijiji, kujua kituo cha afya kilicho karibu na dawa zitapatikana wapi.

Wengine hawatatoka. Mathayo 14:12 inatuambia walichofanya wanafunzi wa Yohana baada ya kufia kwake gerezani: walikuja, wakauchukua mwili, wakauzika, wakaenda kumpasha Yesu habari. Sisi tunaoamini kwamba wafu wamelala wakingoja sauti ya Bwana hatuwezi kuudharau mwili wa mtu yeyote. Yule mhalifu aliomba akumbukwe Yesu atakapokuja katika ufalme wake. Siku hiyo haijafika bado. Anangoja kaburini, akiwa na ahadi aliyopewa ana kwa ana. Mfungwa anayelala katika tumaini hilo anangoja pamoja naye, na Yesu hatahitaji daftari la gereza ili kumjua.

Tafakari: Ni nani katika kanisa lako anayehitaji kutembelewa kabla hamjaenda gerezani?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Yeremia 37:11–21. Yeremia alimsihi mfalme asimrudishe katika nyumba ya Yonathani, asije akafia huko. Mfalme, aliyekuwa dhaifu katika mengi, aliamuru apewe mkate kila siku muda wote mkate ulipokuwapo mjini. Ombi la mgonjwa mwenyewe lilisikilizwa. Mara nyingi tunazungumza juu ya mfungwa na daktari, na askari, na ndugu, tukasahau kumuuliza yeye anataka nini. Mmoja atataka kuandika barua. Mwingine ana deni la kuomba radhi, naye ahitaji mtu wa kulipeleka neno hilo kwa busara, akijua kwamba huenda lisipokelewe. Mwingine anataka tu kugeuzwa ubavu.

Katika juma hili tumeona watu wanne waliosimama karibu na mfungwa aliyekuwa hatarini kufa. Ebedmeleki alitumia nafasi yake. Mlinzi wa Filipi alitumia mikono yake. Luka alitumia taaluma yake na subira yake. Onesiforo alitumia miguu yake. Hakuna kati yao aliyekuwa na uwezo wa wote wanne. Kanisa ni mwili, na ndani ya mwili mmoja wanne hawa wanaweza kupatikana: mwenye kujua kuomba ofisini, mwenye kujua kuosha, mwenye kujua dawa, na mwenye kujua kutafuta.

Maswali ya Kujadili:

1. Ebedmeleki hakuomba Yeremia aachiliwe. Aliomba asifie shimoni. Je, tofauti hiyo inatusaidiaje kuzungumza na viongozi wa magereza bila kuonekana tunapinga sheria?

2. Mshiriki mmoja anasema: “Dawa za wananchi wema hazitoshi, kwa nini zipewe wahalifu?” Darasa limjibu kwa upole. Anzeni kwa kukubali kile kilicho kweli katika maneno yake.

3. Jadilini tofauti kati ya maumivu ya Kristo msalabani na maumivu ya mgonjwa. Kwa nini ni hatari kiimani kuyachanganya?

4. Mgonjwa Mwislamu gerezani anaomba mumtafutie shehe. Katika darasa lenu, nani angekwenda kumwambia msimamizi? Kuna lolote linalomzuia?

5. Kabla ya kufunga darasa, chagueni watu wawili. Mmoja aulize kwa uongozi wa gereza lililo karibu, kwa utaratibu unaokubalika, kama kuna wagonjwa wasiotembelewa na mtu. Mwingine apange kumtembelea mshiriki aliyeumizwa na uhalifu. Walete taarifa Sabato ijayo, hata kama taarifa yenyewe ni kwamba wameambiwa wasubiri.